Maswali Yenu: Hivi mtoto wa sekondari anaweza kweli kufanya utafiti wa jeni?

Toleo lililopita niliandika mistari kama mitano tu kuhusu wanafunzi wa sekondari kule Uingereza wanaosaidiana na wanasayansi kusoma jenomu ya mnyoo, yaani yale maelekezo yote ya kurithi yaliyoandikwa kwenye DNA ndani ya seli zake. Niliiweka chini kabisa ya ukurasa. Kumbe ndo mmeisoma kuliko zote, barua na meseji zimekuja za kuuliza na za kunigombeza, kwa hiyo mwezi huu maswali ya mbolea na ya presha yasubiri kidogo, najibu haya.

Mwalimu habari za kazi. Binti yangu yuko form five PCB, alisoma ile habari yako sasa hanipi raha, anasema wenzake Ulaya wanafanya utafiti wa kweli wa DNA yeye anakariri notsi tu. Mimi ni mshonaji, sayansi niliishia form two. Hivi hawa watoto wanafanya kitu gani hasa? Au ndo yale ya kuvalishwa makoti meupe wapigwe picha halafu kazi anafanya profesa? – Mama, Tanga

Salama mama, pole na kazi. Hayo ya makoti meupe yapo, tena mengi, nimeyaona kwa macho yangu, wageni wanakuja shuleni mtoto anashikishwa chupa ya maji ya rangi, picha inapigwa, wageni wakiondoka chupa inarudi kabatini. Huo siyo utafiti. Na hata praktikali zetu za kawaida, ambazo nimezifundisha miaka mingi na nazipenda mpaka leo, siyo utafiti kwa sababu jibu liko tayari kwenye daftari la mwalimu: jani likitiwa ayodini likageuka rangi ya bluu iliyokoza umepata, lisipogeuka umekosea wewe, jani halikosei. Utafiti ni pale mwanafunzi anapomuuliza mwalimu jibu ni lipi mwalimu akasema sijui, akaulizwa profesa naye hajui, na hakuna ukurasa wa nyuma wa kwenda kuchungulia.

Hao wa Uingereza mradi wao unaitwa Genome Decoders, ulianzishwa 2017 na Institute for Research in Schools pamoja na wanasayansi wa Wellcome Sanger Institute iliyoko Hinxton karibu na Cambridge, pale pale ambapo karibu theluthi moja ya jenomu ya binadamu ilisomwa. Wanafunzi wenyewe ni wa miaka ya mwisho ya sekondari, umri wa binti yako huyo huyo. Na mnyoo ni Trichuris trichiura, mnyoo mjeledi, wanamwita hivyo kwa sababu upande wa mbele ni mwembamba kama uzi na upande wa nyuma ni mnene kama mpini. Ana urefu wa sentimita 3 mpaka 5, ule uzi anauchomeka kwenye ngozi ya ndani ya utumbo mpana na kukaa hapo mwaka mzima au zaidi, na jike anataga mayai kati ya 3,000 na 20,000 kwa siku.

Jenomu ya huyu mnyoo ilichapishwa 2014, herufi zaidi ya milioni 70, zote ni A, T, G na C, yaani majina mafupi ya kemikali nne zinazoijenga DNA, zikijirudia rudia. Sasa wewe ni mshonaji utanielewa haraka kuliko wanafunzi wangu walivyokuwa wananielewa. Chukulia umeletewa jora la kitambaa refu ajabu, mtu ameshachora juu yake kwa chaki nguo kama elfu kumi, vipande vipande, lakini hakuchora kwa mpangilio: kola iko hapa, halafu hatua mbili za kitambaa kitupu, halafu mgongo, kitambaa kitupu tena, halafu mkono, na kumbe mkono ule ndo mwisho wa gauni la kwanza na kipande kinachofuata ni cha suruali ya mtu mwingine kabisa. Na chaki imefifia. Hizo nguo ndo jeni, vile vipande vinavyotakiwa kuunganishwa vinaitwa eksoni na kile kitambaa cha katikati kinachokatwa na kutupwa kinaitwa introni. Kazi ni kusema gauni hili linaanzia wapi linaishia wapi na mkasi upite wapi.

Kompyuta inafanya hiyo kazi kwa haraka sana, jora zima, lakini inakosea. Inaweza kuchukua nguo mbili za majirani ikazishona kuwa moja, au gauni moja ikaligawa mara mbili, au ikasahau kola. Mnyoo huyu ana jeni karibu 10,000 na wanasayansi wanaoshughulika naye ni wachache, hawawezi kukaa na kila jeni wakaikagua. Hapo ndo wanafunzi wanapoingia, wanafungua programu inayoitwa Apollo ambayo inafunguka kwenye intaneti ya kawaida tu, mwanafunzi anapewa eneo lake, anaona juu makisio ya kompyuta na chini anaona ushahidi wa RNA. Hiyo RNA ichukulie ni vipande ambavyo mnyoo mwenyewe ameshavikata na kuviunganisha, kwa hiyo ukivilaza juu ya jora unaona kabisa yeye mkasi wake ulipita wapi. Kama kompyuta inasema kola haipo na RNA inaonyesha kola ipo, mwanafunzi anarekebisha, anaandika na sababu.

Profesa anafanya nini? Anakagua, na wanafunzi nao wanakaguana, jeni moja inatazamwa na zaidi ya mtu mmoja. Lakini hayo, mama, ndo maisha ya mtafiti yeyote, hata profesa kazi yake inakaguliwa na maprofesa wenzake ndo ichapishwe. Kukaguliwa hakumaanishi hakufanya.

Nilijaribu mwenyewe jioni moja, macho haya ya kizee na miwani, nikafungua jeni moja nikasema naangalia dakika kumi tu. Nilikaa saa moja na nusu. Niliona kabisa RNA inaonyesha kipande kimoja huko mbele ambacho hakimo kwenye makisio ya kompyuta, nikahesabu herufi, nikarudia kuhesabu, nikamwita mke wangu aje aone na yeye wala si mtu wa sayansi. Kwa hiyo binti yako namwelewa akikosa usingizi.

Assalaam alaykum mwalimu. Huyo mnyoo sisi twamjua, watoto wetu skuli hunyweshwa dawa za minyoo kila kampeni ikija na bado wanao. Sasa mimi kinachonikera ni hichi, mnyoo yumo matumboni mwa watoto wa Pemba, vipi jenomu yake isomwe na wanafunzi wa Uingereza ambao hawajapata kumuona? Na sisi itatufaa nini? – Baba wa wanafunzi watatu, Wete

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Barua yako ndo iliyonifanya niache maswali mengine yote, na sitaki kukujibu juu juu.

Nianze na dawa. Ni kweli unachokiona nyumbani, wala siyo kwamba watoto wako wachafu au wewe mzembe. Pale Chake Chake mna maabara ya afya ya jamii inaitwa Ivo de Carneri, ipo tangu 2000, na imefanya tafiti za minyoo zinazosomwa dunia nzima pamoja na taasisi ya Uswisi inayoitwa Swiss TPH. Matokeo ya utafiti mmoja wao yalichapishwa 2014, watoto 480 wa Pemba wenye umri wa miaka 6 mpaka 14 waligawanywa makundi manne kila kundi na dawa yake. Waliokunywa albendazole peke yake, dozi moja, waliopona mnyoo mjeledi walikuwa 2.6 katika kila 100. Soma tena hiyo namba. Mebendazole ilikuwa 11.8 kwa 100. Walipochanganya albendazole na dawa nyingine inaitwa oxantel pamoate ikapanda mpaka 31.2, ambayo ni nafuu kubwa lakini bado watoto wawili kati ya watatu wanarudi nyumbani na mnyoo wao. Hizo dawa zinamfanyia kazi vizuri zaidi chango kuliko huyu, kwa hiyo mtoto anaweza kutoa minyoo ukaiona kwa macho na mjeledi akabaki palepale na uzi wake utumboni.

Na siyo mnyoo mdogo wa kupuuza. Akizidi mtoto anaharisha makamasi na damu, damu inapungua, hakui vizuri, na wakizidi sana hata utumbo wa nyuma unaweza kutokeza nje. Makadirio ya mwaka 2010 ni kwamba watu wapatao milioni 465 duniani walikuwa naye.

Sasa jenomu inaingiaje. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kushika protini fulani ya mdudu na kuiharibia kazi, hizi albendazole na mebendazole zinashika protini inaitwa beta-tubulini. Protini inatengenezwa kwa kufuata jeni. Mtu anayetafuta dawa mpya anatakiwa aijue protini yenyewe ilivyo, na kama ile jeni imeandikwa vibaya kwenye kumbukumbu, kola haipo, basi atatengeneza picha ya protini isiyokuwepo duniani na miaka mitatu ya kazi yake imekwenda na maji. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa Uingereza anayerekebisha herufi 60 kwenye jeni moja anamsafishia njia mtu wa dawa ambaye hatamjua kamwe.

Kuna na hili lingine, mimi lilinishangaza sana. Watafiti walijaribu kuchanganya dawa nyingine, ivermectin, na albendazole sehemu tatu, Pemba, Laos na Kodivaa kule Afrika Magharibi. Pemba mchanganyiko ulitibu 49 kwa 100 wakati albendazole peke yake ilitibu 6. Laos vilevile ilikwenda vizuri. Kodivaa ikagoma, 14 dhidi ya 10 tu, karibu hakuna tofauti. Mnyoo yule yule dawa ile ile, watu wakakuna vichwa. Baadaye waliposoma jenomu za wale minyoo wa Kodivaa wakakuta hawakuwa Trichuris trichiura kabisa, walikuwa spishi nyingine inayofanana naye kwa macho, wakaipa jina Trichuris incognita. Hakuna hadubini ya kawaida ingekwambia hivyo kwa kutazama mayai kwenye choo. Ni herufi zilizosema. Hiyo ndo faida yake kwako wewe Wete, kwamba siku moja daktari asikupe dawa kwa kukisia mnyoo.

Na hilo la kukereka. Nakuunga mkono kwa moyo wangu wote. Watoto wa Pemba wameshachangia sayansi hii kuliko mwanafunzi yeyote wa Uingereza, wametoa vikopo vya choo, wamechomwa vidole, wamekunywa dawa zikiwa bado zinajaribiwa ili dunia ijue ipi inafaa. Ila wamechangia kama wagonjwa. Hakuna sababu ya kitaalamu ya wao kuishia hapo. Data ya jenomu ya huyu mnyoo iko wazi kwenye tovuti inayoitwa WormBase ParaSite, hailipiwi wala haiulizi unatoka nchi gani, mtu wa Wete anaona herufi zile zile anazoziona mtu wa Hinxton. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuwashika mkono, kompyuta, na mtu wa upande wa pili wa kukagua kazi, na hayo matatu ni mambo ya watu kuamua. Ningekuwa mimi ni mzazi mwenye watoto watatu pale Wete ningeenda na ukurasa huu skuli nikamuonyesha mwalimu wa baiolojia, halafu tukaandika barua pale maabara Chake Chake kuuliza kama wanaweza kuja kuzungumza na wanafunzi siku moja. Barua haigharimu kitu ndugu yangu.

Mwalimu mwenzangu, nimesoma lakini sijaridhika. Hii naona ni kazi ya kukaa mbele ya kompyuta. Je, kuna wanafunzi wa sekondari walioshika vitu kwa mikono yao, wakagundua jambo ambalo halikujulikana? Toa mifano siyo maneno. – Mwalimu wa baiolojia, Morogoro

Mifano ipo, na ninaoupenda zaidi ni wa samaki.

Mwaka 2008 wasichana wawili wa shule moja ya sekondari ya New York walizunguka kwenye mgahawa mmoja baada ya mwingine na kwenye maduka wakinunua samaki, migahawa 4 na maduka 10, wakakusanya vipande 60, kila kipande wakakitia kwenye kileo kisioze wakaandika kimeuzwa kwa jina gani. Swali lao dogo tu: je, jina lililoandikwa ndo samaki mwenyewe? Vipande vikatumwa chuo kikuu cha Guelph kule Canada, ambako Paul Hebert na wenzake mwaka 2003 walikuwa wamependekeza njia ya kutambua wanyama kwa kipande kifupi cha jeni moja, herufi kama 650 hivi, kila spishi ina mpangilio wake, kama ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni inayopigwa taa supamaketi. Ndo maana wanaiita bakodi ya DNA.

Majibu yalirudi: robo ya vipande vilivyosomeka havikuwa samaki aliyeandikwa. Vilivyouzwa kwa jina la red snapper vilikuwa tisa, saba kati yake siyo. Na kipande kimoja cha sushi kilichouzwa kama jodari mweupe, kitu cha bei mbaya, kumbe ni perege wa Msumbiji! Perege, jamaa ya hawa tunaowakaanga sisi, amevuka bahari amevalishwa jina la jodari. Magazeti yaliandika sana.

Nisikufiche, kusoma DNA yenyewe hawakufanya wao, ilifanywa na watu wa Guelph. Lakini swali lilikuwa lao, mpango ulikuwa wao, kukusanya kulikuwa kwao, na mwalimu mwenzangu wewe unajua kwamba kwa wanafunzi wetu kuuliza swali lao wenyewe ndo sehemu ngumu kuliko kushika bomba la maabara. Miaka mitatu baadaye, 2011, wanafunzi wengine watatu wa sekondari hapo hapo New York walikwenda mbele zaidi, safari hii na chai. Pakiti 146 za chai na za majani mengine ya kuchemsha, DNA wakaweza kuipata katika asilimia 90, na wakakuta asilimia 35 ya yale majani ya dawadawa, chamomile na jamii yake, yana mmea ambao haukutajwa kwenye pakiti. Kwa chai yenyewe halisi ilikuwa asilimia 4 tu. Hiyo ilichapishwa kwenye jarida la Scientific Reports na majina yao yakiwa juu kama waandishi. Mtu anayedhurika na mmea fulani anakunywa kikombe hajui kimo, watoto wa shule ndo wakamwambia.

Mfano wa pili ni wa virusi, na huu unafika Afrika. Kuna profesa wa chuo kikuu cha Pittsburgh kule Marekani, Graham Hatfull, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 anawapa wanafunzi wa sekondari na wa vyuo kazi ya kuchota udongo, popote tu, bustanini, zizini, kwenye takataka, na kutafuta humo virusi wanaoshambulia bakteria. Anayempata kirusi kipya anampa jina, anatoa DNA yake, inasomwa, halafu mwanafunzi anakaa kuzitafuta jeni zake kama nilivyomweleza mama wa Tanga. Mwaka 2003 jarida la Cell, ambalo maprofesa wazima wanalilia kuingia, lilichapisha jenomu 10 mpya za virusi hao na kati ya waandishi kulikuwa na wanafunzi wa sekondari. Friza lake sasa lina maelfu kwa maelfu ya virusi walioletwa na wanafunzi.

Watu walikuwa wanasema ni mchezo mzuri wa kufundishia. Ikaja 2018. Kuna binti wa miaka 15 London, amepandikizwa mapafu, akapata bakteria jamii ya wale wa kifua kikuu, Mycobacterium abscessus, dawa zote zimeshindwa, vidonda mwilini, amerudishwa nyumbani. Madaktari wake wakamwandikia Hatfull, akatafuta kwenye friza, wakapatikana virusi watatu wanaofaa. Wawili walikuwa na tabia ya kuingia ndani ya bakteria na kulala, hawaui, basi wakakata ile jeni inayowalaza wakawa wauaji. Na walijua waikate wapi kwa sababu jenomu zao zilikuwa zimeshasomwa na jeni zimeshawekewa alama. Wa tatu hakuhitaji kurekebishwa, anaitwa Muddy, alipatikana Durban mwaka 2010 chini ya bilinganya lililooza, aliyempata ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha KwaZulu-Natal. Yule binti alipewa mchanganyiko wa hao watatu, vidonda vikaanza kufunga, ini likarudi kufanya kazi vizuri, na habari yake ilichapishwa 2019 kwenye Nature Medicine. Aliyemwokota Muddy alikuwa wa chuo siyo wa sekondari, nalisema mapema usije ukanikosoa, lakini mradi ni ule ule na friza ni lile lile.

Bilinganya limeoza Durban, mtoto akapata nafuu London. Mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Mbona unawashawishi watoto wacheze na virusi na bakteria? Baadaye wakiugua utawajibika? – Mzazi, Nakuru

Mzazi, una haki ya kuuliza. Virusi hawa hawaingii kwenye seli za binadamu, wanajua bakteria tu, na bakteria anayetumika kuwakuzia ni Mycobacterium smegmatis ambaye ni binamu mpole wa yule wa kifua kikuu, huyo wa kifua kikuu mwenyewe mwanafunzi hamgusi. Hata hivyo inafanyika maabara, na mwalimu akiwepo, na kila kitu kinachemshwa kwa presha kabla ya kutupwa. Nyumbani hapana. Na mtu yeyote asije akaanza kukusanya vinyesi vya wenzake kwa sababu amesoma hapa kuhusu minyoo, hilo linataka kibali cha maadili na wataalamu. Herufi kwenye kompyuta hazimuumizi mtu, anzieni huko.

Shikamoo mwalimu. Niko form five CBG, shule ya bweni. Baiolojia form four nilipata C. Shule ina kompyuta sita na intaneti ni ya kubahatisha. Nataka kufanya kama hao wa Uingereza lakini naona hii ni ya vipanga tu. Naanzia wapi? – Mwanafunzi, Singida

Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo C iweke pembeni. Mtihani unapima kukumbuka kwa haraka, kazi hii inataka mtu anayeweza kutazama kitu kimoja nusu saa bila kukimbia, na nimewahi kuwa na wanafunzi wa A ambao hawakuweza na wa D ambao walikuwa wanachora mguu wa panzi mpaka kinyweleo cha mwisho.

Anza na karatasi. Mwombe mwalimu wako siku intaneti ikikubali afungue WormBase ParaSite, achague Trichuris trichiura, achukue jeni moja fupi na kuprinti herufi zake, ukurasa mmoja au miwili inatosha darasa zima. Chukua kalamu ya risasi. Tafuta ATG, hapo ndo protini huanzia. Kutoka hapo hesabu tatu tatu, kila tatu ni neno moja, mpaka ukutane na TAA, TAG au TGA, hapo ndo kituo. Utagundua haraka kwamba mara nyingi kituo kinakuja mapema mno, umesoma maneno kumi tu, na hapo ndo unajua kwamba kuna introni umeipita bila kuiona. Introni karibu zote zinaanza na GT na kuishia na AG. Rudi nyuma, tafuta GT, tafuta AG mbele yake, ruka vilivyo katikati, endelea kuhesabu. Ukikosea herufi moja tu kila kitu baada ya hapo kinakuwa upuuzi, na utaona mwenyewe. Fanyeni wawili wawili, kila mmoja peke yake kwanza halafu mlinganishe, msipokubaliana msikimbilie kwa mwalimu, bishaneni kwa kuonyeshana herufi.

Mkishazoea karatasi hapo kompyuta sita zinatosha kabisa. Kuna mbinu moja rahisi nakupa. Mnyoo huyu ana ndugu yake wa panya, Trichuris muris, naye jenomu yake iko hapo hapo. Linganisha protini moja kwa wote wawili. Kama ya panya ina maneno 400 na ya binadamu inaonyesha 150, jiulize, je ni kweli imefupishwa au kompyuta imekata gauni katikati? Halafu mtazame jeni jirani, mara nyingine zile 250 zilizopotea unazikuta pale zimesimama kama jeni nyingine. Andikeni kila mnachokiona, tarehe, namba ya jeni, sababu, hata mkiwa hamna uhakika.

Na Tanzania kuna maonesho ya Young Scientists Tanzania, wanafunzi wa sekondari wanapeleka miradi yao, kazi ya namna hii inafaa kupelekwa hata kama hamkupata jibu la mwisho. Mama wa Tanga, mwambie na binti yako, wawasiliane.

Mkipata jeni ambayo mnaona kompyuta imekosea, niandikieni namba yake na herufi mlizobishania. Nitaitoa hapa hapa kwenye ukurasa huu, na nitaituma kwa watu wanaoitunza ile data waseme wanaonaje.